Mke wa Golikipa

Jumatatu, 2 Julai 1973

Saba Saba ni Jumamosi. Tunacheza na vijana wa karakana ya reli, Tabora mjini, Mkuu wa Mkoa akiwepo. Padre Nikolaus kabandika majina. Golikipa: Ambrosi. Golikipa wa akiba: Justus, yaani mimi. Akiba tena! Mwaka wa pili huu nalinda benchi. Benchi lenyewe halijafungwa goli hata moja.

Kibaya zaidi, nilikwishampelekea bibi yangu salamu Bukene kwamba mimi ndiye golikipa wa seminari. Sikusema uongo. Lile neno "wa akiba" lilinitoka tu kichwani. Bibi kajibu anakuja na treni, na kijiji chao cha ujamaa kizima kimeshaambiwa. Bibi ndiye aliyenilea. Sasa nimweke wapi, jamani? Benchini pamoja nami?

Jumanne, 3 Julai

Nimezisoma kanuni upya. Sisi wachezaji tuna kanuni zetu peke yetu, maana tunatoka nje ya ua, tena kwa kaptura. Goli likiingia hakuna kukata kiuno. Ni ishara ya msalaba, kisha kurudi katikati. Pombe marufuku. Kuzungumza na mwanamke asiye mama wala dada, marufuku. Atakayekutwa hachezi, na habari zake zinafika kwa askofu. Kazitunga Padre Nikolaus. Hata mwaka hajamaliza tangu atoke kwao Ulaya, na Kiswahili chake ni cha kitabuni, kimepigwa pasi.

Nikajiambia, Ambrosi naye ni binadamu, hakosi kosa. Nimemfuatilia kutwa. Kasali. Kalima. Kafua soksi zake na zangu. Zangu! Mtu mwema anachosha sana.

Jumatano, 4 Julai

Nimempata! Nyuma ya ua wa matete, kwenye shamba letu la kujitegemea. Sauti ya Ambrosi, anacheka: "Mke wangu, umeniletea nini leo?" Sauti ya kike ikamjibu kwamba mume asiyeonekana nyumbani hapewi kitu.

Sikuchungulia. Kwa nini sikuchungulia? Kwa sababu nilijua nitakachokiona. Hapana, hiyo naifuta. Sikuchungulia kwa adabu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Padre, nikamweleza kwa masikitiko makubwa. Akauliza kama nina hakika kasema "mke wangu". Nikamwambia neno kwa neno, Padre. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Nikatoka mwepesi kabisa. Chakula cha jioni nilikiacha sahanini, sijui kwa nini. Ugali ulikuwa mzuri tu.

Alhamisi, 5 Julai

Ambrosi kaitwa ofisini. Swali lilikuwa moja: umesema "mke wangu", ndiyo au siyo? Kasema ndiyo, akataka kueleza. Padre kamkatiza. Kaamriwa asizungumze jambo hilo na mtu yeyote mpaka Jumatatu atakapopelekwa kwa askofu, na huenda huko ndiko safari yake ya upadre itakakoishia. Na yeye, kwa utii wake, kanyamaza kweli. Huyu mtu alikuwa akibatiza kuku tangu mdogo, kila mtu anajua.

Kaja kunipa jezi, kaifua na kuikunja. Macho mekundu. Kaniasa mpira wa juu nisiurukie mapema. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kusema kila kitu. Mdomo niliufungua kabisa. Likatoka neno "asante".

Jumamosi, 7 Julai

Aibu gani hii!

Uwanja ulijaa. Hotuba ndefu, kisha filimbi. Mpira wa kwanza wa juu nikaurukia mapema. Goli. Wa pili nikauchelewea makusudi ili nijirekebishe. Goli. Hapo upande wa kina mama ikapaa sauti ninayoijua tangu kuzaliwa, ya Bibi Veneranda, bibi yangu: "Mume wangu Justus! Simama sawasawa, unamwaibisha mkeo!" Tena akaingia uwanjani, kanga kiunoni, akanifuta vumbi usoni mbele ya Mkuu wa Mkoa.

Uwanja mzima ulicheka. Padre Nikolaus hakucheka. Alikuja nyuma ya goli, mwekundu kama pilipili, akaniuliza kama na mimi nina mke.

Nikababaika. "Padre, huyu ni bibi yangu! Kwetu bibi na mjukuu huitana mume na mke. Ni utani tu, kila mtoto wa Tabora anaujua."

Akanitazama. Halafu, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni: "Kila mtoto anaujua. Je, wewe uliujua siku ya Jumatano?"

Nyuma yangu likaingia la tatu.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya misa Padre kamwomba Ambrosi radhi mbele ya wote. Kwa askofu haendi tena. Mke wa Ambrosi kaonekana: bibi yake, Bibi Apolinaria, kibogoyo, mfuga nyuki. Kwenye kanuni limeongezwa neno "bibi". Mimi kaptura nimenyang'anywa, napalilia mihogo mpaka nitakapoambiwa basi.

Bibi yangu kayasikia yote pale kanisani, kisha karudi Bukene na treni ya Mwanza. Nilimpa shikamoo, kaitikia marahaba. Nikamwita mke wangu. Akasema, "Kwaheri, Justus." Justus tu. Hapo ndipo nilipolia.

Jumatatu, 9 Julai

Ambrosi kanifuata shambani, kashika jembe, tumepalilia pamoja. Hakuniuliza kitu. Kanimiminia kikombe kizima cha asali ya bibi yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeapa sitamsema mtu tena maisha yangu yote.

Ila iliyobaki kaificha chini ya kitanda, kibuyu kizima. Hapa kwetu asali ikitiwa maji na kuachwa inageuka wanzuki, na wanzuki ni pombe. Ya Ambrosi haijatiwa maji. Lakini Padre ni mgeni, atajuaje? Na mechi ijayo ni na seminari ya Kipalapala, na golikipa mwingine hakuna.

Kesho baada ya misa nitapita ofisini kumdokeza, kwa masikitiko. Ngoja kwanza nimalize kikombe changu.