Herufi Nyembamba Zenye Viatu

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa mwalimu mkuu anapita kuchagua fundi wa kushona sare. Za shule nzima! Na cherehani yangu tangu mwaka uanze inalala kuliko paka. Mafundi tuko wawili: mimi, na Mama Vifungo wa ng'ambo ya barabara. Hajui kukunja pindo, lakini bango lake lina herufi nene kama maboga. Langu lina kutu. Haiwezekani!

Jumanne, 4 Juni
Mjukuu wangu, anayefanya kazi kiwanda cha uchapaji, kaniletea karatasi ya herufi. Nimezipenda mpaka aibu! Ndefu, zimebanwa mbavu, mistari ya wima minene, ya kulala myembamba kama uzi, na kila herufi imevaa viatu, vile vijistari vya miguuni. Za Mama Vifungo ziko peku, zimejitandaza kama mgeni asiye na haya. Mjukuu anasema hizi ni za vichwa vya habari: ubao mwembamba, maneno machache, makubwa, yasomeke toka mbali. Eti FUNDI BIBI inatosha. Miaka arobaini ya cherehani, maneno mawili?

Jumatano, 5 Juni
Herufi zikiwa nyembamba, zinaingia nyingi. Hilo halihitaji shule. Nimemwagiza mchora mabango aandike: sare, magauni, mapazia, natia zipu, napunguza viuno, naongeza viuno, nguo chafu sipokei, na ng'ambo ya barabara hawajui pindo. Kaniuliza kama ni bango au wosia. Nikamwambia ashike brashi, afunge domo. Mjukuu naye analalama kwamba herufi hizi zikiandikwa ndogo zitabanana kama meno ya kitana. Nilimkata kitovu mimi, leo anifundishe kusoma!

Alhamisi, 6 Juni
Limetundikwa! Limejaa, nzi hana pa kutua. Nimecheza barazani, kiuno kikalia, sijali. Mama Vifungo kachungulia, kauliza kwa sauti kama nimeanika pazia la mistari. Wivu!

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu mkuu kafika. Kakunja uso. Kavaa miwani. Kasogea mpaka pua ikashika rangi. Kisha karudi nyuma hatua moja, apate kusoma. Ya pili. Mimi huyo nikamhimiza: rudi tu mwalimu, zinataka umbali hizo! Karudi, karudi, kavuka barabara kinyumenyume, kaangukia kiti cha Mama Vifungo. Yule mwanaharamu alishakiweka tayari! Sare zote kampa yeye. Nimemsikia akisema kwamba hapo angalau anajua amefika kwa nani.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelia, nimekula, nimefikiri. Mjukuu anasema kosa ni wingi wa maneno. Mtoto huyu! Kosa ni udogo wa ubao. Mchoraji anaanza leo ukuta mzima, toka paa hadi msingi, herufi zilezile. Nafasi imebaki, nimeongeza na sifa za ndoa yangu. Na chini kabisa, karibu na mchanga, kwa herufi ndogo kuliko zote: MSOMAJI, USIRUDI NYUMA.