Wakili wa Kinu cha Mama Mbula

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Mama Mkubwa Mbula amekohoa! Jana, kanisani, mara mbili. Nilikuwa nyuma yake, nikampa leso yangu safi. Binamu yangu Munyao akakimbia kumletea maji. Mnafiki.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikiwa tajiri nisome nicheke. Mama Mkubwa ni mjane wa marehemu Kaleli, kaka mkubwa wa baba. Hawakujaliwa mtoto. Ana kinu cha kusaga mahindi pale Ruiru, injini ya dizeli, na wanawake hupanga foleni na debe zao tangu alfajiri. Mimi je? Nashona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa Thika. Hata cherehani si yangu. Magoti yamechoka kumtajirisha mtu mwingine, na nimebakiza mwaka mmoja nifike arobaini bila mke.

Wanaume wa ukoo tumebaki wawili tu, mimi na Munyao. Yeye ni mwalimu wa kanisa. Anaomba sana. Najua anachoomba.

Nimekata shauri. Mama Mkubwa aandike wosia. Kinu kije kwangu. Munyao aachiwe Biblia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetafuta wakili. Gathogo, mwenzangu wa cherehani ya pili, alinishauri nimwone yule mwandishi wa barua anayekaa karibu na posta. Nikamwambia mambo ya urithi si barua ya kuomba kazi. Nataka mzoefu!

Wa kwanza alikuwa kijana, nywele zinang'aa mafuta. Hapana. Wa pili alikuwa akicheka na wateja wake. Mtu wa wosia anachekea nini? Wa tatu, Bwana Ruparel: upara, miwani minene, vitabu vyenye vumbi la kutosha kuotesha mihogo. Huyu ndiye. Koti lake limepasuka kwapani. Nikamwahidi jipya, nishone mwenyewe, badala ya ada. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekutana na Bwana Ruparel rasmi. Ameshughulikia wosia na amana kwa miaka thelathini, na maswali yake ni ya mtu aliyechoka. Akauliza kama huyo mama ni mgonjwa. Nikajibu kwamba anajitahidi. Akauliza kama mama mwenyewe ndiye anayetaka wosia. Nikasema bado hajajua kwamba anautaka. Akavua miwani, akanitazama bila miwani.

Kisha akanieleza kwamba kwa sisi Waafrika korti hufuata mila zetu. Mjane asiye na mwana akifa, mali hurudi kwa wana wa ndugu za mumewe. Yaani mimi na Munyao. Akanishauri niende nyumbani, nimheshimu mama, ningoje.

Nusu! Nusu ya kinu inasaga nini? Na kungoja ni kazi ya miti. Nimemwambia namleta mteja Jumamosi.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Mama Mkubwa amefika kwa wakili. Huwezi kumwambia mtu mzima wa Kikamba, ana kwa ana, kwamba mnapanga habari za kifo chake. Utafukuzwa kwa mwiko. Nilisema tunakwenda kukagua hati za kiwanja. Akavaa viatu.

Bwana Ruparel aliniomba nitoke nje. Mimi, niliyemwajiri! Nikasikiliza mlangoni mpaka karani wake akaniletea kiti na kukiweka ng'ambo ya barabara. Baadaye nikaitwa. Mbele yangu wakili akarudia yale yale: asipoacha mwana, kinu kitakuwa cha Wambua, yaani mimi, na Munyao. Mama Mkubwa akageuka, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Nikatabasamu. Nadhani moyo wake uliguswa.

Nikatolewa nje tena. Safari hii nikasikia Bwana Ruparel akicheka. Sikupenda.

Kwenye kituo cha basi Mama Mkubwa alininunulia ndizi. Dalili njema.

Jumatano, 13 Agosti

Kikohozi kimepona. Anasema ilikuwa vumbi la unga tu. Tumshukuru Mungu, kama ni lazima.

Ameniletea kitambaa. Anataka gauni moja na kaptula mbili za watoto wa kiume, mmoja wa miaka kama saba, mwingine mitano. Sikuuliza. Wajane hupenda kuwavisha watoto wa watu. Nimeshona vizuri na kuongeza mifuko, ili aone jinsi mrithi wake anavyojua kazi.

Koti la Bwana Ruparel pia limekwisha. Limemkaa kama la gavana.

Jumapili, 17 Agosti

Habari kubwa! Baada ya ibada Mama Mkubwa aliniita kando. Anakwenda kuposa binti kule mashambani, upande wa Kilimambogo: Ndinda, binti wa Mzee Jeconia. Anahitaji mwanamume wa ukoo atangulie na mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza, ambao wakishapokewa msichana ni wenu. Na amenichagua mimi! Munyao atakuja pia, lakini nyuma, pamoja na wazee, awe shahidi. Hapo ndipo mahali pake.

Mambo yamejipanga. Mrithi hawezi kuendesha kinu bila mke, kwa hiyo Mama Mkubwa ananiozesha kwanza. Nimemweleza Gathogo. Akauliza kama kuna mtu yeyote aliyetaja kwamba bwana harusi ni mimi. Wivu ni ugonjwa. Hata pasi ya Wakikuyu ya kutoka Thika hajapata kwa Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali, na anajifanya hakimu.

Najishonea koti.

Jumamosi, 23 Agosti

Asi! Niandike taratibu.

Tulifika vizuri. Mbuzi mmoja alikula kitufe cha koti langu, basi. Ndinda ni mwanamke mzuri, mabega imara, anatazama mtu usoni. Nikashukuru ukoo wangu wote, waliokufa na waliobaki.

Wazee wakaketi. Mzee Jeconia akauliza swali lake: nyumba anayokwenda binti yake ina nini, na nani atairithi? Mama Mkubwa akanitazama mimi. Nikasimama. Nikasema kiwanja, injini, kinu na kila debe lililomo ni mali ya wana wa Ndinda, na mtu yeyote wa ukoo wetu atakayedai hata punje ya pumba, alaaniwe, na tumbo lake livimbe! Hakuna aliyeniomba laana. Niliiongeza mwenyewe ili Munyao asikie. Wazee wakapenda sana. Wakaniomba nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Nyama ikaletwa. Nikala. Nilikula zaidi ya wote.

Ndipo Mzee Jeconia akanyanyuka kumpa mkono mkwe wake. Nikanyoosha wangu. Akanipita! Akaushika mkono wa Mama Mkubwa, akamwita mkwe, na wanawake wakapiga vigelegele. Wavulana wawili wakatoka jikoni, wana wa Ndinda, wamevaa kaptula zenye mifuko. Kazi safi. Mshono wangu naujua.

Iweto! Kwetu Ukambani mjane asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke kwa mbuzi wake mwenyewe, na watoto wa huyo mwanamke wakawa wa nyumba yake na ya marehemu mumewe. Jambo hili nimelijua tangu utotoni. Jirani yetu alioa wawili! Lakini nani angefikiri, wakati koti limekaa vizuri hivi?

Jumapili, 24 Agosti

Sikwenda kanisani. Tumbo limevimba kidogo. Labda ni nyama.

Munyao alikuja kunijulia hali. Nikamkumbusha kwamba kanisa halipendi ndoa za namna hii, na yeye kama mwalimu angepaswa kupinga. Akasema angepinga vipi, ikiwa mkubwa wa ukoo alikwisha laani mbele ya wazee, mara mbili? Kisha akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Huyu mtu hujaza mithali mahali pasipo na shimo.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilikwenda kwa Bwana Ruparel kudai avunje mambo haya. Alinipokea kwa adabu, amevaa koti langu. Alieleza kwamba Mama Mkubwa alimuuliza afanye nini ili nyumba ya Kaleli isizimike na kinu kisigombewe. Yeye alimjibu kwamba mila zenu mwazijua ninyi. Neno moja tu aliongeza: yule ambaye angerithi akubali kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wazee, ili kesho asigeuke. Habari ya laana hakuiota. Akasema kwa miaka thelathini hajaona mtu akijifungia mlango wa mali kwa ukamilifu namna ile, na akanipa pongezi.

Nikamkumbusha kwamba nilimwajiri mimi. Akakubali. Ila wosia, akasema, ni wa mwenye mali, si wa mwenye haraka.

Nilitaka mzoefu. Nimempata.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda Ruiru leo, kwa unga tu. Wavulana walikuwa weupe pepepe kwa unga, wanafukuzana kuzunguka magunia. Mama Mkubwa alikuwa akicheka. Sijamsikia akicheka tangu Kaleli afe, na kusema kweli nilisikia vibaya, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nikisikiliza kikohozi tu. Akanipakulia ugali. Akasema kuna nafasi barazani, niweke cherehani pale, nishonee wateja wanaongoja unga, nisilipe chochote. Ndinda atanunua cherehani, tutagawana mapato. Macho yakaniuma. Nikasingizia vumbi.

Nimerudi nikitafakari wema huu njia nzima, na nimeelewa kosa langu. Nilimpeleka kwa wakili mtu asiyefaa! Kinu sasa kiko upande wa Ndinda na wanawe. Basi anayepaswa kuandika wosia ni Ndinda. Na kama watoto bado wadogo, anahitajika mtu mzima wa kuwashikia amana, mwenye busara, anayekaa karibu, tuseme barazani.

Ndinda ana miaka ishirini na sita, anabeba gunia peke yake, na hajawahi kukohoa. Si neno. Mimi ni mtu wa subira. Jumatatu asubuhi nampima Bwana Ruparel suruali.