Juu ya Kambale aliyeacha mama yake kwa mulango

Beni, Beu, tarehe 9 mwezi wa tatu 2001

Kwa Papa Lusenge, mwenye salle ya video,

Ninakusalimia kwa heshima, wewe, mama wa nyumba, na groupe yenu, ile mashini yenye kutupatia courant ya umeme.

Ninaandika juu ya kaseti mupya ya kung-fu, ile inaonyesha ujana wa yule maître muzee wa ndevu nyeupe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana anaacha mama yake kwa mulango, anapanda mulima kutafuta mwalimu. Hageuke hata kidogo! Mama anabaki na sahani ya wali mukononi. Sasa mutoto wangu Mumbere, miaka sita, kila asubui anafunga shati moja na ndizi mbili ndani ya kikwembe yangu, kitambaa ya kujifunga kiunoni, anatoka. Naye hageuke. Juzi jirani Élise alimushikia kwa barabara ya Kalunguta.

2. Papa, kwa milima ya Chine kuko bamaître. Kwa yetu kuko batu ya bunduki, na batoto benye kupanda kule hapana kurudia na kung-fu.

3. Manassé, mwenye kututafsiria filme, alimuita kijana Kambale. Donc, kwa majina ya kwetu, ni mutoto mwanaume wa pili; wa kwanza anaitwaka Mumbere. Mumbere ya filme iko wapi? Mama gani alizaa Kambale mbele ya kuzaa Mumbere? Bila shaka mukubwa alibaki kwa nyumba, anachota maji, na filme ilimusahau. Nilimueleza wangu vizuri: wewe ni Mumbere, mulima ni kazi ya Kambale. Akanijibu nizae Kambale upesi, bapande pamoja. Baba yake, Ésaïe, alicheka mpaka machozi. Miye hapana.

4. Kichina hapana mutu anasikia hapa Beu, hata Manassé. Basi maneno ni yetu. Pale kwa mulango Manassé amusemeshe Kambale hivi: Mama, ninaenda kuangalia tu, uniwekee chakula, nitarudia mbele ya jua kulala. Akikataa, mufiche kaseti mpaka vita iishe.

Ni miye mwenye kukuheshimu na kutumaini, Kyakimwa, mama Mumbere. Salamu kwa batu yote ya benchi ya mbele, na kwa Manassé, koo yake ipone.

N.B. Leo asubui Mumbere alifungua kikwembe, akakula ndizi zote mbili. Anasema hawezi kupanda mbele ya kuona filme tena siku ya posho, mbele ya siku ya kanisa, juu alisahau namna ya kuweka miguu. Kwa hiyo Papa, musifiche kitu. Muionyeshe kila posho, mpaka vita iishe. Mutuwekee fasi mbili kwa benchi, yake na yangu.