Mbuzi wa Kapiteni

Jumatatu, 1 Septemba 2003
Askari wa kigeni wa kulinda amani, wale wa uwanja wa ndege, wanatafuta mkalimani. Kazi yangu hiyo! Jirani yangu Soudi anacheka. Ati sijui Kifaransa, wala lugha ya kwao. Upuuzi! Mikono ninayo miwili, na mikono husema neno lile lile dunia nzima. Soudi alikaa shuleni miaka kumi na miwili kutafuta kitu ambacho mimi nilizaliwa nacho mabegani.

Jumanne, 2
Majaribio. Kapiteni alisema maneno mengi, kisha akalaza kiganja hewani, usawa wa mkanda wake. Akajipangusa macho. Akatuonyesha mji wote kwa kidole. Nani asiyeelewa? Kwetu kiganja kikilala hivyo, anapimwa mnyama. Mtu hupimwa kwa mkono uliosimama, vidole juu, apate kukua. Kapiteni anatafuta mbuzi, tena mkubwa, na njaa imemtoa machozi. Maskini! Nikampigia saluti.

Jumatano, 3
Mama Zainabu, wa nyumba ya pili, ana mbuzi mmoja tu. Mwaka jana risasi zilipolia, watu wakakimbilia ng'ambo ya mto, akapotezana na mjukuu wake Aïcha, wa miaka sita. Mpaka leo humuulizia kwa kila mpita njia. Nikamwambia ampe kapiteni mbuzi, naye kapiteni atamtafutia mtoto. Alimtazama mbuzi muda mrefu, akakubali. Soudi ameniita mwizi. Wivu!

Alhamisi, 4
Aibu! Tumemvuta mbuzi mpaka uwanja wa ndege. Kapiteni akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. Akalaza kiganja tena, juu kabisa ya mgongo wa mbuzi. Nikatafsiri: Mama, mbuzi wako ni mfupi.

Soudi, aliyetufuata bila kualikwa, akauliza kwa Kifaransa chake. Kapiteni akaita. Kutoka hema la jikoni akaja Aïcha, sahani mkononi! Mama Zainabu alipiga magoti mchangani, akamkumbatia, akalia. Hata mimi nililia kidogo. Kisha akanigeukia.

“Tambwe! Siku mbili mutoto wangu iko hapa, na weye unaniongelea mbuzi!”

Mimi! Kosa ni la kapiteni. Mtu mzima, nyota begani, anampima mtoto wa watu kama mnyama!

Ijumaa, 5
Kazi amepewa Soudi. Nilikwenda kudai haki yangu, nikaeleza yote kwa mikono, saa nzima. Kapiteni alinitazama kwa makini, akainua kidole karibu na kichwa, akakizungusha mara tatu. Askari wote wakacheka kwa furaha. Nikaelewa papo hapo: ndivyo walivyozungusha simu ya zamani kule posta. Atanipigia!

Sina simu. Soudi anayo, ya kazi. Nimeketi mlangoni kwake tangu adhuhuri, na nimemkataza kabisa asiongee nayo muda mrefu.