Ndoano Yangu na Kuku wa Doeke

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimetimiza miaka themanini na tatu. Nimewaacha nyuma madaktari watatu, wachungaji wanne, mbwa sita na mke mmoja, Tjitske, ambaye hakuwa na mfano. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na miwili. Ng'ombe walinihitaji zaidi. Atakayelisoma daftari hili asinichekee mwandiko.

Wageni waliketi duara sebuleni kama kawaida. Kahawa, na keki kipande kimoja kimoja. Kila aliyeingia alizunguka akimpa kila mtu mkono na kumpongeza kwa ajili yangu. Doeke, jirani yangu, miaka sabini na tisa, mtoto mdogo bado, alimpongeza mpaka paka. Akala vipande viwili. Nimemwona!

Hapo Gerlof, mwenye ghala la pale juu kilimani karibu na kanisa, akasema ghala ameliuza. Karavani yangu imo humo. Ile nyumba ya magurudumu niliyolala na Tjitske kando ya ziwa, majira ya joto thelathini na moja. Iondoke Jumamosi.

Doeke hakungoja hata nimeze mate. Eti nisijisumbue, ataivuta yeye kwa gari lake na kuiweka uani kwake. Kuku wake wana shida ya nyumba.

Kuku! Juu ya godoro la Tjitske!

Nikasimama. Nikasema mbele ya duara zima kwamba nitaivuta mwenyewe, kwa gari la nyumba hii, kwa ndoano ya kuvutia karavani nitakayoifunga kwa mikono hii. Na kengele ya saa sita Jumamosi ikilia karavani haijafika uani kwangu, basi kuku waingie. Mchungaji Hiske akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mama mchungaji, mimi nimewahi kumzalisha ng'ombe ndama pacha kwa mkono mmoja.

Gari letu la sasa halina ndoano. Hilo sikulitaja.

Jumanne, 7 Mei

Dukani mjini. Kumbe ndoano ziko za aina tatu! Isiyotoka kabisa, inayochomolewa kwa ufunguo, na inayojificha yenyewe ukibonyeza kitufe. Nikasema ndoano inayojificha ni ndoano yenye haya, siitaki. Muuzaji akashauri ile ya ufunguo. Nikamwuliza nani alimwambia nataka kuchomoa. Nikachukua isiyotoka. Mwanamume akifunga kitu amefunga.

Akauliza habari ya plagi ya taa, matundu saba au kumi na matatu. Karavani yangu ni ya zamani, nikamwambia saba. Dunia yenyewe iliumbwa kwa siku saba. Akaandika saba. Nilimshinda.

Gari ni letu sisi wawili, mimi na binti yangu Baukje. Nusu yangu ni ya nyuma, ndivyo ninavyoona. Baukje akasema baba, tafadhali, mpe fundi wa gereji. Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Hapana.

Jumatano, 8 Mei

Nimetoa bampa! Karatasi ya maelezo inasema saa mbili za kazi. Mimi nimetumia tisa, kwa sababu nafanya vizuri zaidi. Karatasi yenyewe ina michoro mitupu, nayo niliishika kichwa chini mpaka saa nane mchana.

Doeke alikuja uzioni na kikombe chake. Akauliza kama nafunga ndoano au nalichinja gari. Nikamjibu aende akahesabu kuku. Akasema ameshawahesabu, ni kumi na wanne, na kila mmoja ameshachagua dirisha.

Ndoano imekaa. Ngumu kama jiwe. Zimebaki bolti mbili na kipande cha bampa. Waliotengeneza gari waliweka vitu vingi vya bure.

Alhamisi, 9 Mei

Nyaya. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ya kulia inawaka. Ukikanyaga breki, wipa ya nyuma inafuta kioo. Baukje hakucheka. Alikwenda kazini kwa baiskeli, kwenye mvua.

Kufika jioni nimerekebisha. Sasa indiketa ziko sawa, breki inawasha taa ya breki. Na wipa pia. Nimeiacha. Dereva wa nyuma yangu atajua kabisa kwamba nimesimama.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeipaka ndoano grisi ikang'aa. Nikaliegesha gari mbele ya nyumba, kinyumenyume, watu waione. Doeke akapita, akasema tufe la chuma kwenye ncha ya ndoano, bila kofia, litaota kutu, na litamvunja mtu muundi wa mguu. Kweli, mtaa mzima kila ndoano imevaa mpira wa tenisi uliokatwa tundu. Ya Doeke imevaa mpira uliopauka, wa aibu.

Nikachukua mpya kwenye mfuko wa michezo wa Baukje. Wa manjano, unang'aa kama kiini cha yai. Nikaukata, nikauvisha. Mtaa huu haujapata kuona ndoano nzuri kama hii.

Doeke ametandika vigae uani kwake. Mita nne kwa sita, pa kutosha karavani. Anapiga mluzi.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa bado na grisi mikononi.

Saa tano unusu nilikuwa ghalani. Nikarudi nyuma mara moja tu na kugusa pahala penyewe. Mdomo wa karavani ulikataa kidogo kuingia kwenye ndoano. Nikaupanda, kilo tisini na moja, nikaruka mara mbili. Ukakaa! Gerlof akasema, kwani haipaswi kulia "kta"? Nikamwambia ya kwangu ina grisi, ni ya kimya. Akauliza na ule waya mwembamba wa breki ya dharura, haufungwi kwenye gari? Nikamwambia ule umewekwa kwa wenye wasiwasi.

Nikateremka kilima cha kanisa. Kilima chenyewe ndicho pekee kwetu, wazee wa kale waliokirundika kwa udongo walikimbia mafuriko ya bahari, na leo nimekielewa ubaya wake. Chini barabara inagonga geti la Doeke, unapinda kushoto kuja kwangu. Watu wamejipanga. Mchungaji Hiske yuko. Doeke amelifungua geti wazi, kwa kejeli, ameinama kama mhudumu wa hoteli.

Nikapita tuta. Hapo gari likawa jepesi ghafla. Nikajisifu, injini hii ina nguvu! Nikawasha indiketa, nikapinda, nikaingia uani kwangu taratibu kama bwana harusi. Saa sita kasoro dakika tatu. Nikashuka, nikanyoosha mkono kuelekea nyuma, nikasema kwa sauti, haya, tazameni!

Hakuna aliyetazama. Wote walikuwa wamegeukia kwa Doeke.

Karavani haikupinda. Ilikwenda moja kwa moja, ikapita getini bila kugusa nguzo, ikasimama juu ya vigae. Katikati kabisa! Doeke alikuwa amesimama juu ya pipa la maji, jinsi alivyopanda hajui. Mdomoni mwa karavani umekwama mpira wa manjano, kama mbwa aliyerudisha mpira kwenye nyumba isiyo yake.

Kengele ikalia.

Baukje akaniuliza polepole, baba, hukuutoa mpira? Nikasema miaka thelathini na moja nimevuta karavani na sijawahi kutoa mpira wowote. Akasema ni kweli. Alikuwa akiutoa mama. Akiutia mfukoni mwa koti, safari nzima.

Nikasema hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kisha nikaenda kukaa chooni kidogo.

Jumapili, 12 Mei

Kuku wameingia. Kumi na wanne, kwa foleni. Ahadi ni ahadi.

Baada ya ibada Doeke alileta yai, bado lina joto. Akasema limetagwa upande wa dirishani, upande wa Tjitske, na godoro amelikunja akaliweka stoo, eti mimi namwona yeye ni mtu wa namna gani? Nikalipokea. Nililichemsha. Lilikuwa tamu, na hilo hatalisikia kutoka kwangu.

Nimewaza sana. Ndoano haina kosa. Dereva hana kosa. Kuegesha karavani katikati ya vigae bila hata kuwa nayo, Doeke hawezi kwa miaka mia. Kosa ni la mpira, ulikuwa mpya mno. Nimepata wa zamani, laini, nimeshauvisha.

Tarehe tatu Juni ni siku ya kuzaliwa ya Doeke. Nitasimama katikati ya duara lake na kutangaza kwamba naivuta karavani yangu kurudi nyumbani, kuku wakiwa ndani, kwa kupanda kilima na kuzunguka kanisa kwanza, ili watu waone.

Asiyeamini haya amwulize Gerlof, amwulize mchungaji Hiske, ambaye alicheka mpaka akakaa chini. Baukje asimwulize, ana hasira ya wipa. Doeke naye asimwulize, anaongeza chumvi. Kuku walikuwapo wote.