Neno la Kijapani Nililolitoa kwenye Wimbo

Jamani, leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza kwenye tope. Ni aibu yenye mashahidi, mwenyekiti wa mtaa akiwemo.

Naandika kwa sababu wengi mnaniomba niwatajie bendi za Kijapani zenye waimbaji wa kike, na nisipojibu mtasema ninaringa. Siringi. Someni kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni Rehema, nina saluni Ujiji. Huu mwaka wa tatu saluni yangu haipigi kingine ila wanawake wa Kijapani. Kuna bendi ya wasichana wanne: mwimbaji anaanza taratibu kama anakunong'oneza siri, mara magitaa yanashuka kama mvua ya mawe. Kuna nyingine ya mama mtu mzima na kinanda chake. Hiyo usiisikilize peke yako kama umeachwa karibuni. Na kuna ninayoipenda kuliko zote. Dada anapiga gitaa mwenyewe, na kwenye kiitikio analia "Kaere! Kaere!" mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Wateja wangu huitikia wakiwa chini ya draya.

Maana ya neno hilo nilijua. Yaani nilijiona najua. Mtu mmoja aliandika chini ya video kwamba Mjapani akimpokea mtu nyumbani husema "okaeri." Okaeri, kaere. Nikaona ni kama "karibu" na "karibuni" tu. (Hakuna aliyenituma.)

Basi leo saa nne asubuhi simu ikaita. Mwenyekiti wa mtaa, kule ufukweni Katonga.

"Rehema, si wewe unayejua Kijapani?"

Mwenye akili angesema hapana.

"Kiasi, mzee," nikasema.

Akanieleza. Amekuja bibi wa Kijapani, mjane. Mumewe aliishi hapa zamani akiwa kijana, akizamia ziwani kutazama samaki na kuwaandika kwenye daftari. Alifariki mwaka jana. Bibi ameleta picha yake na maua ya kuweka majini. Mkalimani kashikwa na homa amebaki Dar, simu yake haipatikani, na dereva hajui neno hata moja. Tena Mzee Bilali, aliyekuwa akimwendeshea marehemu mtumbwi, ana jambo la kumwambia yule bibi.

Nilimwacha mteja kasukwa nusu kichwa. (Mama, samahani sana. Nimerudi nikamaliza.) Nikapanda bodaboda.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa. Wanawake wa dagaa wameacha vichanja vyao, wavuvi wamevaa mashati. Bibi mwenyewe mdogo, mweupe nywele zote, amesimama karibu na maji na picha amepakata kifuani kama mtoto. Mzee Bilali amevua kofia. Wote wakanitazama mimi.

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Nikainama kama ninavyoona kwenye video. Bibi akainama. Watu wakaguna, "Eeeh, Rehema!" Nikasema kwa sauti ya mwalimu: "Kaere!"

Bibi akapepesa macho.

Nikadhani hajasikia. Nikawageukia watu. "Jamani, tumkaribishe kwa lugha yake. Semeni na mimi: Kaere!"

"Kaere!"

"Kwa makofi!"

"Kaere! Kaere! Kaere!" Ufukwe mzima. Wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele. Mwenyekiti naye, tumbo mbele, anapiga makofi na kutabasamu. Lo! Nilijisikia balozi.

Bibi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaifunika ile picha kwa kitambaa, polepole, akatuinamia, akageuka akaanza kurudi kwenye gari. Maua bado mkononi.

Mimi nikasema, "Ameguswa." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.) Tukaongeza sauti.

Simu ya dereva ikaita. Mkalimani! Dereva akampa bibi, wakaongea kidogo, kisha dereva akaweka sauti ya nje.

"Hapo kuna nini?" Mkalimani, kumbe ni dada, alikuwa anakohoa. "Bibi anauliza mumewe aliwakosea nini watu wa Kigoma."

"Hajatukosea!" mwenyekiti akasema. "Tunamkaribisha!"

"Kwa maneno gani?"

Watu wote wakanitazama. Nikasema, chini chini, "Kaere."

"Dada, 'kaere' maana yake 'rudi kwenu.' Mnamfukuza. Umelitoa wapi?"

"Kwenye wimbo."

"Huo utakuwa wimbo wa mwanamke anayemtimua bwana wake."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Niliutazama mchanga, nikaomba ziwa linichukue.

Aliyeniokoa ni Mzee Bilali. Alimfuata bibi mpaka mlangoni pa gari, akasimama na kofia mikononi, akaongea na ile simu.

"Mwambie mtumbwi wetu ulipinduka. Mimi nilikuwa nimeshazama. Bwana wake alikuwa amefika kwenye mwamba, amepona, akarudi majini kunitafuta. Nina watoto sita, na wote wamezaliwa baada ya siku ile. Asante yangu sikuwahi kuimaliza. Nimeileta kwake."

Mkalimani alitafsiri. Bibi akaifunua picha. Akainama mbele ya Mzee Bilali muda mrefu, na mzee, asijue la kufanya, naye akainama. Wazee wawili, vichwa vinakaribia kugusana. Nikalia mimi.

Kisha mwenyekiti akanisukuma mbele. "Omba radhi, na neno lenyewe ulifundishwe."

Mkalimani akalisema, nikalirudia mara nne, kisha nikamwinamia bibi: "Okaerinasai."

Bibi akanitazama. Akaiinua picha, akaielekeza ziwani, akajibu neno moja tu: "Tadaima."

"Amesema nini?" nikauliza.

"Okaerinasai huambiwa mtu aliyerudi kwake," mkalimani akasema. "Yeye hajawahi kufika hapo. Amemjibia mumewe. Amesema, 'Nimerudi.'"

Maua aliyaweka majini yeye na Mzee Bilali. Sisi tulisimama nyuma.

Kabla ya kuondoka akataka kuusikia ule wimbo. Nikampigia. Akasikiliza wote, sikio kwenye simu yangu, halafu akasema kitu, mkalimani akacheka hadi akakohoa: "Anasema msichana anaimba vizuri, na huyo bwana alistahili."

Kwa hiyo bendi ni hizo tatu. Majina njooni saluni, maana sitafsiri tena.

Na wewe uliyerekodi pale Katonga, najua upo humu. Ukiirusha, nakuomba kwa heshima zote, zima sauti.