Kituo cha Utengamao, Rangi Mbichi

Kituo cha Utengamao kwa Wagonjwa wa Saratani kimekamilika kwa asilimia mia moja, alisema jana asubuhi Mkurugenzi wa Mipango na Uratibu, akiwa amesimama kwenye korido ya wodi ya upasuaji kati ya utepe mwekundu na mlango wa stoo. Waliomsikiliza, mbali na viongozi wa mstari wa mbele, ni wagonjwa thelathini na mmoja waliokaa kwenye mabenchi, pamoja na mtaalamu wa viungo, mwanamke ambaye peke yake katika hospitali nzima huwafundisha kunyanyua mikono, kumeza na kutembea tena baada ya matibabu. Hotuba ni hii, yote. Yaliyo kwenye mabano yalitokea mbele yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti. Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti, Vipaza Sauti na Maji ya Kunywa. Mganga Mkuu, ambaye hakuweza kufika. Mwakilishi wa Mganga Mkuu, ambaye naambiwa yuko njiani. Mwakilishi wa mwakilishi, karibu sana, kaa mbele. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na makaimu wa hao wote. Wadau wa maendeleo. Na ninyi wagonjwa wetu, ambao bila maradhi yenu sisi tusingekutana hapa leo: itifaki imezingatiwa. (Makofi mstari wa mbele. Mgonjwa mmoja amelala.)

Ndugu zangu, furaha niliyonayo leo, kama ingepimwa kwa vifaa vya kitaalamu, ingevunja kifaa, kwa sababu safari hii tuliianza miaka minne iliyopita kwa semina ya siku tatu, tukaiendeleza kwa warsha ya kuichambua semina, tukaunda kikosi kazi cha kuisoma ripoti ya warsha, na leo tunayaona matunda kwa mtazamo ambao sisi wataalamu tunauita holistic. (Sauti ya kukwaruza kutoka nyuma: "Tafsiri!") Holistic, mzee wangu, maana yake ni jumla, na jumla maana yake ni kwamba hakuna aliyeachwa. ("Mimi nimeachwa," anasema mzee huyo. Ni dereva wa lori mstaafu, alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikabaki mnong'ono, na wenzake wakampa jina la Spika. Kicheko.)

Wapo wanaosema tumechelewa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. ("Hajikwai maana hajaondoka," anasema Spika.) Takwimu hazidanganyi: asilimia tisini na nne ya washiriki wa semina walikiri kwamba sasa wanaielewa saratani vizuri sana, na asilimia sita walikuwa nje wakipokea simu. Mahitaji ya wagonjwa yalibainishwa, yakafika mia mbili na kumi na saba, yakapangwa, yakapewa kipaumbele, yakatiwa kwenye faili, faili likatiwa kabatini, na kabati hilo, nafurahi kuwaarifu, lina kufuli jipya. (Makofi mstari wa mbele.) Kuna watu wa maneno maneno wanaouliza kituo kina vitanda vingapi, kina wataalamu wangapi, kina vifaa gani. Hayo ni mawazo ya zamani. Kituo cha kisasa hakihesabiwi vitanda. Kituo ni dhana, na dhana hii mimi mwenyewe niliibuni nikiwa ndani ya gari, bila msaada wa mtu yeyote isipokuwa dereva.

Sasa nije kwenye ukuta. Nilipofanya ziara ya kushtukiza wiki iliyopita, ziara ambayo niliitolea taarifa siku tano kabla ili mshtuko wake uandaliwe vizuri, niliukuta ukuta huu wa kushoto umechorwachorwa kwa penseli kuanzia usawa wa kiuno mpaka juu ya kichwa changu: vistari, tarehe, herufi, kama darasa lililokimbiwa na mwalimu. Nikauliza, hii ni nini? Nikajibiwa na bibi huyu mtaalamu kwamba ni kazi. Kazi! Nikaagiza hapo hapo, kwa mamlaka niliyopewa, ukuta upakwe rangi, na tangu alfajiri ya leo ukuta wenu, ndugu zangu, ni mweupe kama maziwa. (Makofi mstari wa mbele. Mabenchini wanautazama ukuta.)

(Mtaalamu wa viungo anasimama. "Mkurugenzi, zile alama ni zao. Mgonjwa anasimama hapa, anapandisha vidole ukutani kama buibui, anapoishia mimi naweka mstari na tarehe. Ndilo daftari lao lile. Dada huyu hapa, fundi cherehani, aliondolewa titi wiki saba zilizopita, mkono wa kulia haukupita bega. Jumanne anatakiwa alale kwenye mashine ya mionzi, mkono uwe juu ya kichwa. Usipofika huko, hapigwi mionzi, anarudi nyumbani. Nilimchorea mstari wa kufikia. Tulikuwa tunapima kwa upana wa vidole, tunahesabu vilivyobaki kuufikia.")

Asante sana, mtaalamu, hoja yako imepokelewa, iwasilishe kwa maandishi, nakala tatu. Nami nawauliza, kwa nini mgonjwa wetu ahangaike kupanda ukuta wakati ofisi yangu imemwandalia roadmap? ("Tafsiri!") Ramani ya njia, mzee. ("Ya kwenda wapi?" Kicheko. Mwakilishi wa mwakilishi naye anacheka, kisha anajikohoza.)

Tuendelee. Kituo hiki kina kaulimbiu, na kaulimbiu hii ilipitishwa na vikao sita. Nikisema "Utengamao", ninyi mnanyanyua mkono wa kulia, juu kabisa, mnasema "Juu zaidi". Utengamao! (Inapanda mikono ya kushoto. Ya kulia ni michache, na mingine inaishia begani.) Naona hamna ari. Utengamao! ("Ari tunayo, baba," anasema fundi cherehani. "Mkono ndio hauna.")

Vizuri, wewe mama, wewe mwenye maneno, njoo hapa mbele tupige picha ya kihistoria. Simama ukutani, nyanyua huo mkono, tabasamu, umma uyaone matunda ya kituo. (Fundi cherehani anakuja. Haiangalii kamera. Anaugeukia ukuta, anaweka vidole vinne usawa wa bega, anaanza kupanda.) Mama, geuka huku. Mama! Mama, rangi mbichi! Mpigapicha, usipige! Nani kamruhusu mtu huyu kugusa kituo? ("Umeniita wewe," anasema bila kugeuka. Kila vidole vinapohama vinaacha alama nyeupe iliyobonyea. Vinapita usawa wa sikio. "Usikaze shingo," anasema mtaalamu. "Pumua, dada." Vinapita usawa wa utosi. "Twende, fundi!" ananong'ona Spika, na benchi zima linasimama.) Kaeni chini! Ratiba haina kipengele hiki! (Vidole vinasimama. Juu ya vidole kuna msumari wa saa ya ukutani, ambao fundi rangi aliuacha. Mstari wake wa kufikia ulikuwa usawa na msumari huo. Mtaalamu anapima. "Viwili," anasema. "Ijumaa iliyopita vilibaki vitano." Anachomoa penseli mfukoni mwa koti na kuandika tarehe ndani ya rangi. Makofi mabenchini, ya kwanza kwa siku hiyo.)

Nawashukuru kwa makofi yenu, ingawa yamekuja mahali pasipohusika. Alama hizo zitafutwa. Nafunga kwa kusema: Utengamao kwa wote! Utengamao kwa vitendo! Utengamao ni sasa! Naishukuru kamati kwa vikao vyake, naishukuru kamati ndogo kwa maji, najishukuru mwenyewe kwa kuwa msikivu, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi rangi, aliyekijenga kituo hiki chote peke yake leo alfajiri kwa ndoo mbili na brashi moja. Maana mkiutoa ukuta huu na kibao kile chenye jina la kituo, na mkaniheshimu kwa kutoufungua mlango ule, ambao ni wa stoo ya mafagio, sina kingine cha kuwaonyesha. Asanteni sana. Tawanyikeni kwa utaratibu, na msiegemee ukuta.

Fundi rangi ameagizwa kurudi Jumatatu kufuta alama za vidole. Mtaalamu wa viungo amewapangia wagonjwa wake Ijumaa na Jumamosi, na kila mmoja ameombwa aje na penseli. Fundi cherehani anatakiwa kwenye mashine ya mionzi Jumanne, saa tatu asubuhi.